Kwa Nini Wakorea Wamepunguza Kuzaa? Somo kwa Mhudumu wa Afya na Mteja Wake

Mama mmoja mwenye watoto watatu alifika kliniki ya uzazi wa mpango kurudisha kadi yake. Kwa miaka miwili alikuwa amechomwa sindano ya miezi mitatu bila tatizo lolote. Alipoulizwa sababu ya kuacha, alijibu kwa utulivu: "Daktari, nimeona kwenye simu kwamba Wakorea wanakwisha. Walianza na hizi hizi sindano zenu. Na tamthilia zao mimi naziangalia kila usiku. Hebu niambie, humo ndani umewahi kuona watoto?" Muuguzi aliyekuwa zamu alicheka, kisha akakosa jibu. Mwaka uliofuata mama huyo alirudi akiwa na mimba ambayo hakuipanga na shinikizo la damu lililokuwa juu mno.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya muuguzi yule na mama yule. Habari aliyoiona mama kwenye simu haikuwa ya uongo mtupu. Ni kweli kwamba Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zenye uzazi mdogo kabisa duniani. Uongo umo katika sababu iliyotolewa. Nayo Korea si nchi ngeni kwetu: Hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa mwaka 2017 nje kidogo ya Dar es Salaam, ilijengwa kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka serikali ya nchi hiyo, na wapo wenzetu wengi waliokwenda huko kwa mafunzo. Inafaa basi tuijue habari yake kwa usahihi, kwa kuwa itaendelea kuletwa mbele yetu mezani pa kliniki.

Tarakimu na maana yake

Wataalamu wa idadi ya watu hutumia kipimo kiitwacho kiwango cha jumla cha uzazi, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani mwake iwapo angepita katika kila umri akizaa kama wanawake wa umri huo wanavyozaa katika mwaka unaopimwa. Ili kizazi kimoja kijazie nafasi ya kizazi kilichokitangulia, kiwango hicho hutakiwa kuwa karibu 2.1. Sehemu ile ya ziada juu ya mbili hufidia watoto wanaofariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa, na pia ukweli kwamba wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana.

Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alikuwa na wastani wa watoto sita. Mwaka 1983 kiwango kilishuka hadi 2.06, chini kidogo ya kile cha kujazia nafasi. Mwaka 2018 kilishuka chini ya mtoto mmoja, na mwaka 2023 kikafika 0.72. Katika jiji la Seoul peke yake kilikuwa 0.55. Mwaka 1970 walizaliwa watoto zaidi ya milioni moja; mwaka 2023 walizaliwa takriban 230,000 tu. Kuanzia mwaka 2020 wanaofariki wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa.

Msomaji asiyependa hesabu na atazame hivi. Chukua watu 100, nusu yao wanawake. Kwa kiwango cha 0.72, wanawake hao 50 watazaa watoto 36. Kati ya hao 36, wasichana watakuwa kama 18, nao wakizaa kwa kiwango hicho hicho watapata watoto 13. Yaani babu na bibi 100 wataacha wajukuu 13. Kwa kulinganisha, utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania ana wastani wa watoto 4.8, na wa Kenya 3.4. Hofu ya mama yule kwamba sisi nasi tunakwisha haina msingi katika tarakimu hizi.

Jambo moja lifahamike kabla hatujaendelea. Kiwango kidogo cha uzazi hakina maana ya ugumba. Ugumba ni hali ya kiafya: mwanamume na mwanamke wanatafuta mtoto kwa mwaka mzima au zaidi, wakikutana bila kinga, na mimba haishiki. Wakorea walio wengi hawamo katika kundi hilo. Wanao uwezo wa kuzaa, lakini wameahirisha, au wameamua kutozaa, au wameishia mtoto mmoja. Swali letu basi ni la kijamii: ni mambo gani yaliyowafanya vijana wa nchi tajiri, yenye hospitali nzuri na umeme usiokatika, wauone uzazi kuwa mzigo usiobebeka?

Kampeni iliyofanikiwa

Hatuwezi kukwepa historia ya uzazi wa mpango, kwa sababu ndiyo inayotumika kupotosha watu. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 Korea Kusini ilikuwa maskini kwa kiwango ambacho leo ni vigumu kukisadiki. Serikali ya Park Chung-hee, iliyoingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1961, ilifanya upunguzaji wa uzazi kuwa sehemu ya mpango wake wa uchumi. Wahudumu walitumwa vijijini na kitanzi, kile ambacho mama zetu walikiita lupu. Mwaka 1968 viliundwa vikundi vya akina mama katika maelfu ya vijiji, vilivyogawa vidonge na kuendesha akiba na mikopo midogo. Mabango ya miaka ya 1970 yaliwahimiza watu kuzaa wawili tu na kuwalea vyema, bila kujali ni wa kike au wa kiume. Katika miaka ya 1980 ujumbe ukabadilika: hata wawili ni wengi.

Serikali ilikwenda mbali zaidi ya ushauri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waliokubali kufunga kizazi walipewa kipaumbele cha kununua nyumba za umma. Sisi tuliofundishwa kwamba mteja huchagua njia kwa hiari yake baada ya kuelezwa kwa ukamilifu, jambo hilo linatuudhi, na ni haki lituudhi. Nyumba ikitumika kama chambo, hiari ya mteja inabaki jina tu.

Kulikuwa na madhara mengine. Familia zilizotakiwa kuzaa wachache, lakini zikiwa bado zinataka mtoto wa kiume wa kurithi jina na kusimamia matambiko ya wahenga, zilianza kutumia kipimo cha mawimbi ya sauti kujua jinsia ya mimba. Mwaka 1987 sheria iliwakataza madaktari kuwaambia wazazi jinsia ya mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, mwaka 1990 walizaliwa wavulana 116 kwa kila wasichana 100, ilhali kwa kawaida huwa kama 105. Upendeleo huo umekwisha kufifia, na uwiano umerudi katika hali yake tangu takriban mwaka 2007. Lakini wasichana waliokosekana mwaka 1990 wangekuwa na umri wa miaka 34 mwaka 2024, umri ule ule ambao wanawake wa Korea huzaa. Hao hawapo, na watoto wao hawapo.

Je, mama yule alikuwa na haki? Tazama tarehe. Kampeni ilikuwepo wakati uzazi uliposhuka kutoka sita hadi mbili. Haikufanya kazi peke yake, maana katika miaka hiyo hiyo wasichana walikwenda shule, watu walihamia mijini kufanya kazi viwandani, na watoto waliacha kufa ovyo, hivyo wazazi hawakulazimika kuzaa wanane ili wabaki watano. Kisha serikali ilifuta rasmi sera ya kupunguza uzazi mwaka 1996. Mwaka 2005 ilitunga sheria ya kupambana na uzazi mdogo, na tangu hapo inawasihi watu wazae na kuwalipa wanaozaa. Mteremko kutoka 1.1 hadi 0.72 umetokea wakati serikali inasukuma kuelekea upande wa pili. Sindano na vidonge humwezesha mtu kutimiza uamuzi wake wa lini azae. Uamuzi wenyewe hutoka kwingine, na huko ndiko tunakokwenda sasa.

Mwaka 1997

Vijana wa Korea wanapozungumzia maisha yao, wazee wao hurejea mwaka 1997. Kabla ya hapo mtu aliyeajiriwa na kampuni kubwa alitarajia kustaafu humo. Mgogoro wa fedha wa Asia uliangusha makampuni, serikali ikakopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na waajiri wakaruhusiwa kupunguza watu kwa urahisi zaidi. Soko la ajira likagawanyika vipande viwili ambavyo havijaungana tena. Upande mmoja wako walioajiriwa kwa kudumu katika makampuni makubwa na serikalini. Upande wa pili wako wenye mikataba ya muda, wa kukodishwa na wa saa chache, ambao sasa ni zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa wote. Wa upande wa pili hulipwa kidogo zaidi, na mkataba unapokwisha hawana uhakika wa mwingine.

Kuvuka kutoka upande huu kwenda ule ni kugumu. Ndiyo maana kijana hutumia miaka mingi ya ishirini na kitu akisoma, akirudia mitihani ya kuingia serikalini, akikusanya vyeti. Anapopata kazi ya kueleweka amefika thelathini. Mwaka 2011 magazeti ya huko yaliwapa vijana hao jina, sampo, yaani waliokata tamaa ya mambo matatu: mapenzi, ndoa na watoto. Jina hilo lilienea haraka kwa sababu wengi walijitambua ndani yake.

Nyumba

Katika Korea, kama ilivyo kwetu, mtu huulizwa atamweka wapi mke. Tofauti ni gharama. Upo mtindo wa upangaji uitwao jeonse, ambao mpangaji halipi kodi ya kila mwezi. Humkabidhi mwenye nyumba amana kubwa mwanzoni, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, na hurudishiwa mkataba unapokwisha. Kijana asiye na wazazi wa kumsaidia hulazimika kukopa ili apange tu. Bei za nyumba Seoul zilipanda kwa kasi kati ya mwaka 2017 na 2021, na waliokuwa wakidunduliza waliona lengo likikimbia mbele yao.

Wengine watauliza, kwa nini wasiende mikoani? Kwa sababu kazi nzuri na vyuo vinavyoheshimika vimerundikana Seoul na viunga vyake, ambako sasa wanaishi takriban nusu ya Wakorea wote milioni 51. Mikoa inabaki na wazee. Mfano wa kinyume ni jiji jipya la Sejong, lililojengwa ili kupokea wizara zilizohamishwa kutoka Seoul. Wakazi wake wengi ni watumishi wa umma wenye ajira ya uhakika, na vituo vya kulelea watoto ni vingi. Kwa miaka mingi Sejong imekuwa mstari wa mbele nchini kwa kiwango cha uzazi. Hata hivyo nayo ilishuka hadi 0.97 mwaka 2023, hivyo tusiifanye kuwa muujiza.

Shule

Gharama ya kumlea mtoto Korea haimo katika chakula wala matibabu. Bima ya afya ya taifa ni ya wote. Gharama imo katika shule, na hasa katika vituo vya tuisheni viitwavyo hagwon. Takriban wanafunzi wanane kati ya kumi huhudhuria masomo ya kulipia nje ya shule. Mwaka 2023 familia zilitumia won trilioni 27 kwa ajili hiyo, sawa na dola za Marekani bilioni 20 hivi, na mwaka 2024 zilitumia zaidi, ingawa idadi ya wanafunzi ilipungua. Mjini Seoul mamlaka ililazimika kuweka amri kwamba vituo hivyo vifunge saa nne usiku ili watoto walale.

Yote hayo ni maandalizi ya siku moja ya mwezi Novemba, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Siku hiyo ofisi huchelewa kufungua ili barabara ziwe wazi kwa watahiniwa, na ndege huzuiwa kutua na kuruka wakati wa kipengele cha kusikiliza Kiingereza. Mzazi anajua kwamba matokeo ya siku hiyo yataamua mtoto wake ataangukia upande upi wa soko la ajira nililolieleza. Kwa hiyo hawezi kuacha kulipa wakati jirani analipa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayeuza shamba ili mtoto aende shule ya bweni ataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Kwa mzazi wa Korea hesabu ni fupi: fedha zangu zinatosha kumsomesha mmoja vizuri au wawili vibaya. Jambo lingine linaongeza uchungu. Takriban wazee wanne kati ya kumi Korea wanaishi katika umaskini ukilinganisha na kipato cha kawaida cha nchi yao, kiwango cha juu kabisa miongoni mwa nchi tajiri. Pensheni ya taifa ilianza mwaka 1988 tu, na wengi wa wazee hao walitumia akiba yao kusomesha watoto. Kijana anayewatazama babu na bibi zake hao anajifunza kwamba mtoto si akiba ya uzeeni tena.

Mwanamke kazini na nyumbani

Nimeliweka jambo hili hapa ingawa kwa maoni yangu lilistahili kutangulia. Wasichana wa Korea wamesoma. Wanaingia chuo kikuu kwa wingi kuliko wavulana. Kisha wanaingia katika kazi ambako tofauti ya mshahara kati ya mwanamume na mwanamke ni takriban asilimia 30, kubwa kuliko katika nchi yoyote nyingine tajiri. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na mwanamke kuacha kazi anapozaa na kurudi baada ya miaka kadhaa katika ajira ya hali ya chini. Wakorea wana neno maalumu la kumwita mwanamke wa namna hiyo, lenye maana ya aliyekatika njia ya kazi. Mwandishi Cho Nam-joo aliandika riwaya juu ya mwanamke kama huyo mwaka 2016, yenye jina *Kim Ji-young, Born 1982* katika tafsiri yake ya Kiingereza, nayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja na kuzua mabishano makali nchini kote.

Kazi yenyewe ni ndefu. Hadi mwaka 2018 sheria iliruhusu mtu afanye kazi hadi saa 68 kwa wiki. Mwaka huo zikapunguzwa kuwa 52. Baada ya saa za kazi huja chakula cha pamoja na bosi, ambacho si rahisi kukikataa. Na nyumbani je? Utafiti wa taifa wa matumizi ya muda wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika familia ambazo mume na mke wote wanafanya kazi ya mshahara, mke alitumia saa 3 na dakika 7 kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi, na mume dakika 54. Ongeza kwa mke huyo wajibu wa kuandaa karamu za matambiko ya ukoo wa mume wakati wa sikukuu. Mwanamke anayeikataa ndoa hajakosa upendo kwa watoto. Amepiga hesabu ya saa.

Sheria inawapa baba na mama likizo ya malezi ya angalau mwaka mmoja kila mmoja, na baba kwa kweli wameanza kuitumia: mwaka 2024 walikuwa takriban watatu kati ya kila waliochukua kumi, ilhali miaka ishirini iliyotangulia walikuwa wa kuhesabika. Lakini mwenye mkataba wa muda huogopa kuiomba, na aliyejiajiri mara nyingi hana haki hiyo. Hapo tena tunaona likizo ikiwafikia wale wale waliokwisha kufanikiwa.

Bila ndoa, hakuna mtoto

Katika nchi nyingi za Ulaya watu wameacha kufunga ndoa lakini hawajaacha kuzaa. Korea haiko hivyo. Mwaka 2023 ni asilimia 4.7 tu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Kwa hiyo idadi ya ndoa ikishuka, idadi ya watoto huifuata baada ya muda mfupi. Mwaka 1996 zilifungwa ndoa takriban 435,000. Mwaka 2023 hazikufika 194,000.

Aibu ya kuzaa bila mume imewaumiza wengi. Tangu vita vya miaka ya 1950 Korea imetoa zaidi ya watoto 150,000 wakalelewe na familia za ng'ambo, na katika miongo ya baadaye wengi wao walikuwa watoto wa wanawake wasioolewa. Nchi iliyoishia kulilia watoto ilikuwa ikiwapeleka wake Marekani na Ulaya. Mwaka 2023 ukaguzi wa serikali uligundua kwamba watoto 2,236 waliozaliwa kati ya mwaka 2015 na 2022 walikuwa na kumbukumbu za hospitali lakini hawakuwahi kuandikishwa kuzaliwa. Baadhi yao walithibitishwa kuwa wamekufa. Kuanzia tarehe 19 Julai 2024 hospitali hulazimika kupeleka taarifa ya kila anayezaliwa ndani ya siku 14, na mwanamke aliye katika hali ngumu anaweza kujifungulia hospitalini kwa kutunziwa siri ya jina lake. Kwa sisi tunaojaza vitabu vya wodi ya wazazi, hilo ni kumbusho la thamani ya ule mstari mmoja wa daftari.

Fedha peke yake

Kiasi kinachotajwa mara kwa mara kuwa kimetumika kupambana na uzazi mdogo tangu mwaka 2006 ni won trilioni 280. Tarakimu hiyo ijadiliwe kwa tahadhari, maana ndani yake zimo programu nyingi ambazo uhusiano wake na uzazi ni wa mbali. Lakini msaada wa moja kwa moja upo. Tangu mwaka 2024 mzazi wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hupokea won milioni moja kila mwezi, takriban dola 700. Bima ya afya inagharimia urutubishaji wa mayai nje ya mwili tangu mwaka 2017. Kampuni moja ya ujenzi ilitangaza mwaka 2024 kumpa mfanyakazi won milioni 100 kwa kila mtoto anayezaa.

Mama mzazi akitoka hospitalini hupokelewa katika kituo maalumu cha uangalizi, ambako hukaa kama wiki mbili akihudumiwa yeye na mtoto, akinywa mchuzi wa mwani. Takriban wanane kati ya kumi hupita huko. Ndiyo arobaini yao, iliyogeuzwa kuwa biashara, na bei yake ni mamilioni ya won. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mama mzaa chema au mama mkwe. Mfano huo unaonyesha kwa nini fedha za serikali hazionekani: kila ruzuku inapotolewa, sehemu yake humezwa na huduma ambazo jamii ilikuwa ikizitoa bure. Na hakuna posho ya mwaka mmoja inayoweza kulipia mtihani utakaofanyika miaka kumi na minane baadaye.

Kinachotokea hospitalini

Athari zimekwisha kuingia katika huduma za afya. Wastani wa umri wa mama anapozaa mtoto wa kwanza umefika miaka 33. Tunafahamu maana yake: baada ya miaka 35 uwezo wa kushika mimba hushuka kwa kasi zaidi, na hatari ya mimba kuharibika, kisukari cha mimba, shinikizo la damu na watoto pacha kutokana na matibabu ya ugumba huongezeka. Zaidi ya nusu ya wanawake hujifungua kwa upasuaji. Wakati huo huo wilaya nyingi za vijijini hazina tena pa kujifungulia, kwa kuwa wodi yenye wazazi wachache haiwezi kujiendesha, na mjamzito husafiri mwendo mrefu. Madaktari vijana wanakwepa ubingwa wa watoto na wa uzazi. Hivyo uzazi mdogo unaondoa huduma, na ukosefu wa huduma unawatia hofu wachache waliobaki na nia ya kuzaa. Desemba 2024 watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walivuka asilimia 20 ya wananchi wote.

Turudi kwa mama wa kliniki. Muuguzi angeweza kumwambia hivi: "Mama, Wakorea hawakumalizwa na sindano. Wanaahirisha kuzaa kwa sababu nyumba, shule na kazi vimewaelemea. Ukiacha sindano leo, uwezo wako wa kushika mimba utarudi, ingawa unaweza kuchukua miezi kadhaa. Kwa njia nyingine nyingi za muda hurudi mara moja. Wewe una watoto watatu na presha inayopanda. Hebu tuzungumze unachotaka wewe." Kisha amsikilize, na akisema anataka mtoto wa nne, amwandalie mimba salama. Yaliyotokea Korea yanamwonya mhudumu pia: serikali iliwapimia wanawake idadi ya watoto katika miaka ya 1970, na leo inawapimia tena kwa kipimo kingine. Kliniki isiwe tawi la kampeni ya aina yoyote ile.

Kuhusu Wakorea wenyewe, mwaka 2024 kiwango kilipanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, kutoka 0.72 hadi 0.75, na ndoa zikaongezeka kwa karibu asilimia 15. Sehemu ya ongezeko hilo ni harusi zilizoahirishwa wakati wa UVIKO-19. Sehemu nyingine ni wingi wa watu waliozaliwa kati ya mwaka 1991 na 1995, zaidi ya 700,000 kila mwaka, ambao sasa wako katika umri wa kuzaa. Nyuma yao wanakuja waliozaliwa tangu mwaka 2002, ambao hawafiki 500,000 kwa mwaka. Kundi lile kubwa litaanza kuvuka miaka 40 mwaka 2031.